Mwaka Tulionyimwa Salamu

Mama Kulwa tulimzika Biharamulo mwezi uliopita, nyuma ya nyumba aliyoishi tangu walipotoka Ngara. Nilifika mapema, nikakaa mkekani na wanawake wa jirani ambao hawakunijua, na nikasikiliza msemaji wa familia akisoma wasifu wake. Ulikuwa mfupi. Mke wa marehemu Bwana Mashauri, kiongozi shupavu aliyeitumikia nchi yetu. Mcha Mungu, mpole, hakuwahi kugombana na mtu. Binti yake Kulwa aliniinamia akaniuliza kama ningependa kusema neno, nami nikasimama nikasema kwamba nilipokuwa mwalimu kijana nilikaa nyumbani kwake mwaka mmoja, na alinitunza kama mdogo wake. Kisha nikaketi. Nilikuwa na jambo jingine la kusema, lakini halikuwa la kusemwa kwa dakika mbili mbele ya jeneza, watoto na wajukuu wa Mashauri wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Ndiyo maana naliandika hapa, na ninaamini hata yeye asingekasirika.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikapangiwa shule mpya katika kata ya Bukiriro, Ngara, nchi ya vilima na ukungu ambayo sikuwahi kuiona. Mimi ni Mzinza wa kando ya ziwa. Nilizoea joto na samaki. Kihangaza, lugha ya huko, kilinichanganya, kwa sababu maneno mengine yalifanana na yetu na mengine yalinipita kabisa, kwa hiyo kila mazungumzo niliyasikia vipande vipande. Nyumba ya walimu ilikuwa moja, nayo ilijaa watoto wa mwalimu mkuu. Ikabidi nipewe chumba kwa Katibu Kata, Bwana Mashauri, ambaye yeye na mkewe walikuwa Wasukuma waliolowea Biharamulo, na pacha wao walikuwa wamebaki huko kwa bibi yao wasome.

Chumba changu kilikuwa cha pembeni, na ukuta wake ulibandikwa kurasa za magazeti ya zamani. Kulikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na msumari wa kutundikia magauni. Kuta hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilikuwa changu pia, nitake nisitake. Nilizoea kulala nikisikia Mashauri akimsimulia mkewe siku yake: aliyekuja ofisini, aliyechelewa mkutanoni, wangapi walimpa shikamoo njiani. Alipenda mno shikamoo. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko kikubwa, na hata awe na haraka ya namna gani, angesimamisha baiskeli apokee salamu ya mzee au ya mtoto, aitikie "marahaba" kwa sauti ya kutosha kusikika kilimani. Kwangu alikuwa mwema. Baridi ya Juni ilipoanza alinitolea blanketi lake mwenyewe. Nalisema hili mapema ili nisije nikaeleweka kwamba nilikaa nyumba moja na mtu mbaya. Nilikaa na mtu aliyepewa amri, akazipenda.

Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao ya mabondeni na kupangwa mstari mmoja kando ya barabara. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, mbichi bado, na mbele ya kila nyumba palikuwa na ardhi tupu nyekundu. Migomba haihami. Ukiipanda leo utasubiri, na tumbo halisubiri. Kwa hiyo kila asubuhi wanawake waliteremka kwenye mashamba ya zamani kukata ndizi, na baadhi ya wazee walilala hukohuko siku mbili tatu, wakipalilia. Mashauri aliona ni kuitoroka operesheni ya vijiji. Alitoa onyo mikutanoni, akatoa tena, halafu jioni moja, tukila ugali wa muhogo na dagaa, akamwambia mkewe kwamba amepata dawa yake. Mgambo watakata migomba ya zamani. Kisipokuwepo cha kurudia, hakuna atakayerudi.

"Watakula nini?" Mama Kulwa aliuliza.

"Watalima hapa."

"Kabla hapajaota?"

Mashauri alinawa mikono. "Wewe pika," alisema, bila ukali, kama anayemwondolea mtu mzigo. Mama Kulwa alikusanya vyombo.

Walianza na shamba la Mzee Bitama kwa sababu ndilo lililokuwa kubwa na karibu na njia. Mzee Bitama alikuwa mtu mwembamba, mzee wa kanisa, na alikuwa amehama bila ubishi siku ile walipoambiwa wahame. Siku ya migomba alikuja na wanawe wawili wakasimama shambani, mikono mitupu, kila mmoja mbele ya mgomba. Hawakushika panga wala fimbo. Mgambo walipowaondoa kwenye mgomba mmoja walikwenda kusimama kwenye mwingine. Mwishowe walifungwa kamba, wakaletwa kijijini na kufungiwa katika ghala la kahawa, mpaka watakapokubali kosa. Nilikuwa darasani. Watoto walisikia kelele wakasimama wote madirishani, nami sikuwakataza, kwa sababu mtoto mmojawapo alikuwa mjukuu wa Bitama, binti wa Yustina, na nilimwona akimtafuta baba yake kwa macho.

Yustina alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa Bitama. Nilimjua kidogo, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, aliyeniita "mwarimu" kama walivyoniita wengi pale. Yeye ndiye aliyepeleka chakula ghalani, na miezi mingi baadaye ndiye aliyenieleza kilichoanzia pale ukutani. Watu walikuwa na hasira. Vijana walitaka kuvunja kufuli. Mzee Bitama, akizungumza kupitia upenyo wa mbao, aliwakataza. Aliwaambia mkipigana mtafungwa, mkitukana mtafungwa, mkikimbilia ng'ambo ya mpaka mtaitwa wasaliti. Lakini hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kutosalimia. Msimpe salamu. Hayo tu. Yustina alisema alidhani baba mkwe wake ameanza kuchanganyikiwa kwa njaa.

Sisi tuliokuwa ndani ya nyumba ile hatukuelewa haraka. Jioni ya kwanza Mashauri alirudi akasema watu leo wamechoka, hata salamu hawana. Jioni ya pili alikaa kitini bila kuvua viatu.

"Nimepita kanisani wakati wanatoka. Hakuna aliyenipa hata habari za saa hizi."

"Labda hawakukuona," Mama Kulwa alisema.

"Mwili wote huu, wasinione?"

Nilicheka kidogo chumbani kwangu, halafu nikanyamaza, kwa sababu wao hawakucheka. Kesho yake nilijionea mwenyewe. Nilikutana na wazee wawili njiani, nikawaamkia shikamoo. Walisimama kando kunipisha kwa heshima zote, wakatazama majani. Nilirudia, nikidhani hawajasikia. Mmoja wao, nadhani alinionea huruma, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayemwambia mwenzake mlango umefungwa. Nilikuwa nakaa kwa Katibu. Kwa hiyo nilikuwa wa nyumba ya Katibu.

Watu wa mjini, ninapowasimulia, huniuliza hilo lilikuwa jambo gani kubwa, watu kutosalimiana. Hawakuishi mahali ambapo salamu ndiyo hewa. Kule kwa Wahangaza mtu hamwulizi mwenzake jambo lolote kabla ya kuuliza alivyoamka, watoto walivyoamka, ng'ombe, wagonjwa, na wa ng'ambo ya kilima nao. Kuondolewa humo ni kama kufa huku unaendelea kutembea. Hawakutufanyia ubaya wowote. Ukienda kisimani walikupisha uchote. Ukianguka na ndoo wangekuinua, nina hakika. Lakini midomo ilifungwa tulipotokea na ikafunguka tulipopita, na nyuma yangu nilisikia sauti zao zikianza tena, nyingi, zenye joto, katika lugha niliyoisikia nusunusu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mama Kulwa. Mashauri alikuwa na ofisi, mihuri, mgambo wa kumpigia saluti. Mimi nilikuwa na darasa. Ndani ya darasa watoto waliniamkia kwa pamoja kama shule inavyotaka, na nilijikuta nikiwasimamisha na kuwakalisha mara mbili ili tu niisikie. Yeye alikuwa na kisima, kuni, na jirani wa kuomba kaa la moto asubuhi. Vyote vikaisha. Alianza kwenda kisimani jua likiwa utosini, saa ambayo hakuna mtu. Alikata viazi akavianika michembe kama kwao, mingi kupita tulivyoweza kula, kwa kuwa mikono yake haikuwa na mtu wa kukaa naye. Siku moja niliporudi shuleni nilimkuta jikoni akizungumza Kisukuma, polepole, na nikadhani amepata mgeni. Alikuwa peke yake. Aliniona, akaona aibu, akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye.

Mashauri alijaribu kila njia. Alianza yeye kuwasalimia, akitembea nyumba hadi nyumba, "Hamjambo hapa?" na watu waliendelea kupembua maharage. Aliwatisha kwamba ataandika majina. Alimsimamisha Yustina barabarani, akiwa na kapu la chakula cha wafungwa, akamwuliza kwa nini hamsalimii mkubwa.

"Kodi nimelipa, Katibu," Yustina alimjibu. "Kuhama nimehama. Salamu ni ya kwangu."

Mashauri aliyasimulia maneno hayo mezani kwetu kwa hasira, akiyarudia, na nilimwona Mama Kulwa akiyasikiliza kama mtu anayejifunza.

Ndipo ikaja habari kwamba Mkuu wa Wilaya atakuja kutazama kijiji. Mashauri alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Usiku huo aliniita sebuleni, akanisogezea kiti.

"Mwalimu, wewe ndiye wa nyimbo pale shuleni."

"Ndiyo, Bwana Mashauri."

"Nataka watoto wote mbele kabisa. Nikitoa salamu ya chama, hawa wakubwa wakileta ujeuri wao, watoto waitikie kwa ishara yako. Halafu uanzishe wimbo moja kwa moja, pasiwe na nafasi. Mkuu atasikia sauti. Hatatazama ni midomo ya nani."

Mama Kulwa alikuwa akipakua ndizi. Mwiko ulitulia. "Watoto wa nani?" aliuliza.

"Watoto wa shule."

"Ni watoto wa hao hao."

Tulikula. Kwa wiki nzima niliwafundisha wimbo, na waliujua vizuri kupita wimbo wowote niliowahi kufundisha, walijua pa kupandisha na pa kushusha. Sikuwa nimeamua lolote. Watu hupenda kusema kwamba waliamua. Mimi nakumbuka tu kwamba kila nilipoinua mkono kuanzisha, binti wa Yustina alikuwa akinitazama mkono, na aliimba kwa sauti nzuri, kwa utii, kwa sababu mwalimu wake alimwambia aimbe.

Siku ya mkutano kulikuwa na ukungu hadi katikati ya asubuhi. Viti vya wageni viliwekwa chini ya turubai, kimoja cha Mama Kulwa, aliyevaa kanga yake ya heshima. Watu walikuja wote, hilo ndilo lililonishangaza, wazee, akina mama na watoto mgongoni, wakaketi kwenye nyasi kwa utulivu kama walio kanisani. Ghala la kahawa lilikuwa palepale nyuma yao. Mkuu wa Wilaya alishuka garini, mtu mwenye haraka, saa mkononi. Mashauri alisimama, akainua ngumi, akatoa salamu ya chama kwa sauti yake yote.

Hakuna aliyeitikia. Nilisikia mbuzi akitafuna. Nilisikia bati la shule likialika kwa jua lililoanza kutoka. Mashauri alirudia, na mara hii sauti yake ilipanda ikavunjika kidogo mwishoni. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto, wote wamevuta pumzi tayari, macho yote kwenye mkono wangu wa kulia.

Wakati huohuo Mama Kulwa aliinuka. Nilidhani anajisikia vibaya. Alitoka chini ya turubai, akapita katikati ya uwanja mtupu, kanga ikiburuza kwenye umande, akafika walipoketi wanawake na kukaa chini kando ya Yustina. Yustina alisogea kidogo kumpa nafasi. Hivyo tu, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye mkeka wa msiba.

Mkono wangu ulibaki chini. Watoto walisubiri, kisha mmoja baada ya mwingine wakaachia pumzi. Nimewahi kuombwa nieleze nilichokiwaza pale, na ukweli ni kwamba niliogopa sana, nilifikiria kazi yangu, nilifikiria nitalala wapi. Lakini nilikuwa nimemwona yule mwanamke akivuka uwanja peke yake, na sikuweza kuanzisha wimbo wa kumfunika.

Mkuu wa Wilaya alitazama huku na huku. "Hapa kuna nini?" Alimwuliza Mashauri, akamwuliza mwalimu mkuu, na wote wakababaika. Mwishowe alisogea karibu na wanawake, akashusha sauti. "Akina mama, kuna nini?"

Yustina alisimama. "Shikamoo, Mkuu."

Nadhani lilikuwa neno la kwanza la salamu kwa kiongozi kusikika hadharani pale kwa majuma mengi. Watu waligeuka kuliangalia.

"Marahaba. Sema."

"Tuna watu wetu kwenye ghala hilo. Tunaomba uwaone. Na migomba inakatwa. Sisi tumehama mlivyotaka, nyumba umeziona. Tunaomba tule wakati mashamba mapya yanakua. Ni hayo tu." Akaketi.

Sikumbuki Mkuu wa Wilaya kama mtu mwema. Alikasirika, aligombeza watu wote kwa kumwaibisha, akasema serikali haisusiwi. Lakini alitembea hadi ghalani na akaamuru pafunguliwe, na Mzee Bitama akatoka akiwa ameweka kiganja machoni kwa mwanga, wanawe nyuma yake, mmoja akichechemea. Mkuu alisema waende kwao, shauri lao litaangaliwa. Halikuangaliwa tena. Migomba iliyobaki haikukatwa, ingawa hakuna aliyetangaza kwamba haitakatwa. Kijiji kilibaki palepale barabarani, na kipo hadi leo. Miaka michache baadaye vita vilipokuja, na barabara zote za Kagera zikajaa askari, yule mtoto mdogo wa Bitama aliyechechemea alijiunga na mgambo akaenda mbele na hakurudi. Nilipopata habari hiyo nilikuwa nimeshahamia shule nyingine. Nilikumbuka mlango wa ghala ukifunguliwa, na jinsi yeye alivyokuwa wa mwisho kutoka.

Jioni ile tulikula watatu, kama kawaida. Mashauri alikula kila kitu kilichokuwa kwenye sahani yake. Alipomaliza alisema, bila kumtazama mkewe, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nilichoka kukaa peke yangu pale kitini," Mama Kulwa alisema.

Mashauri alisogeza sahani pembeni. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu?"

"Sauti haikutoka, Bwana Mashauri."

Alitikisa kichwa, akaenda nje, akakaa kibarazani muda mrefu. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba Mama Kulwa alivuka uwanja kwa ajili ya wafungwa. Sasa ninapokaribia umri wake wa mwisho naona alisema kweli kama ilivyokuwa. Upweke ulimsukuma hadi mahali ambapo wengine hupelekwa na imani. Sioni kwamba hilo linapunguza chochote.

Uhamisho wa Mashauri ulikuja kabla ya mvua za vuli. Lori lilifika asubuhi, wakapakia vitanda, masufuria, gunia la michembe. Yeye alikaa mbele na dereva. Mama Kulwa alipanda nyuma, juu ya magodoro, akanishika mkono akaniambia nisiache kula. Wanawake kadhaa walisimama barabarani. Mmoja wao alimwita wifi, mwingine akampa mkungu mdogo wa ndizi za njiani, naye akaupakata kama mtoto. Mashauri alitazama mbele. Lori likashuka kilima, tukalisikia muda mrefu baada ya kulipoteza machoni.

Nilibaki katika ile nyumba nikimsubiri Katibu mpya. Mwalimu mkuu alikuwa akinisemesha kwa ajili ya kazi tu. Alisema nilimweka pabaya. Na watu wa kijiji, ambao sasa walisalimiana kwa sauti barabara nzima, walikuwa wamezoea mno kupita pale kimya hata waliendelea kupita hivyo, bila nia mbaya, macho yakiwa upande wa pili. Sikuwalaumu. Nilichemsha viazi, nikala, nikasahihisha madaftari, nikasikiliza kuta ambazo hazikufika juu na upande wa pili hakuna mtu.

Yustina alikuja jioni moja, jembe begani, akitoka bondeni. Alisimama chini ya ngazi ya kibaraza akatazama ndani, kule nyuma yangu, kulikokuwa na meza na kiti kimoja.

"Mwarimu, unakula nini humo ndani peke yako?"

"Viazi."

"Viazi na nini?"

"Viazi tu."

Alifikiri kidogo, akalihamisha jembe bega la pili.

"Basi kesho usipike," alisema, akaenda zake.